Mtama nao huona kiu

Wafugaji wengi wakisikia kuwa mtama unahimili ukame, wanaelewa kuwa hauhitaji maji. Sivyo. Kuhimili ni kuvumilia kiu, na anayevumilia kiu bado ana kiu.

Simama shambani saa nane mchana, jua likiwaka. Jani la mtama limejikunja kama mkeka, na kwenye bua kuna unga mweupe wa nta. Pitisha kidole, utabaki nao. Hivyo ndivyo mmea unavyobana maji yake. Mizizi nayo hushuka zaidi ya mita moja udongo ukiruhusu. Kiu ikizidi, mtama husimama kukua, kisha mvua ikirudi unaendelea. Mahindi hayana subira hiyo: yakikosa maji wakati wa kutoa ndevu, punje zimekwenda.

Lakini mmea uliosimama hauongezi malisho. Kama mtama umeshika vizuri na maji ya kisima yanatosha kumwagilia mara moja tu, mimi ningeyatunza mpaka ubebe mimba, kabla suke halijatoka.

Na tafadhali, hili lisikupite. Mtama uliodumaa kwa ukame, na hasa machipukizi mapya baada ya mvua kurudi, huweza kuwa na sianidi, sumu inayoua ng'ombe kwa dakika chache. Usiwafungulie humo, hata wakilia njaa. Ukikatwa na kukaushwa vizuri kuwa hei, sumu hiyo hupungua sana.