Kuigeuza riwaya kuwa baleti: maana yake nini?

Baleti ni mchezo wa jukwaani unaosimuliwa kwa densi na muziki, bila mtu kutamka neno. Kwa hiyo kuigeuza riwaya kuwa baleti si kuifupisha tu. Ni kutafuta tendo la mwili litakalobeba kile ambacho mwandishi alikibeba kwa maneno. Lisipopatikana, sehemu hiyo inaachwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Onegin, baleti ya John Cranko, mzaliwa wa Afrika Kusini, iliyochezwa kwa mara ya kwanza Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1965. Imetokana na riwaya ya Aleksandr Pushkin, mshairi wa Urusi, ambayo yote ni ushairi, beti za mistari 14, kama sisi tulivyo na hadithi ndefu ndani ya tenzi. Tatiana, msichana wa shamba anayeshinda na vitabu, anampenda Onegin, kijana wa mjini aliyechoshwa na kila kitu. Anamwandikia barua, anakataliwa. Miaka inapita, Onegin anamkuta ameolewa. Sasa yeye ndiye anayeandika, naye anakataliwa.

Ugumu uko kwenye barua. Kitabuni tunaisoma yote, na msimulizi anatwambia kwamba Tatiana aliiandika kwa Kifaransa, na yeye msimulizi ndiye aliyeitafsiri. Lakini jukwaani, mtu anayeandika ni kichwa kilichoinama na kalamu, basi. Cranko akamwacha asinzie mezani. Ndotoni Tatiana anajitazama kwenye kioo, na humo kiooni anatokea Onegin. Anatoka, anacheza naye, anamnyanyua juu kana kwamba hana uzito. Onegin huyu ana mapenzi ambayo yule wa kweli hana. Hatujasoma hata mstari mmoja, lakini tumejua barua inasema nini. (Pushkin naye alimpa Tatiana ndoto, ila ni nyingine kabisa: dubu, theluji na mazimwi.)

Kuna kinachopotea, na ni kingi. Msimulizi wa Pushkin, mcheshi, anayeacha kisa njiani ili azungumze na msomaji, hayupo tena. Mwili wa mchezaji haujui -li- wala -ta-, unajua -na- peke yake. Hauwezi kusema "zamani nilidhani". Muziki unasaidia kidogo hapo. Ni wa Tchaikovsky, mtunzi wa muziki wa Urusi, uliopangwa na Kurt-Heinz Stolze kutoka kazi zake mbalimbali, wala si ule wa opera, yaani mchezo wa kuimbwa, aliyoitunga Tchaikovsky mwenyewe kutokana na riwaya hiyohiyo.

Halafu kuna kinachozaliwa. Kitabuni Onegin anamjibu Tatiana bustanini kwa maneno marefu, kama mtu anayetoa nasaha. Baleti haina nasaha. Basi siku ya sherehe ya Tatiana, Onegin anataka kumrudishia barua. Tatiana anakataa kuipokea. Onegin anaichana na kumwachia vipande mikononi. Hilo Pushkin hakuliandika. Na kwa kuwa tumeliona, mwisho unapata nguvu yake: Onegin yuko magotini, Tatiana bado anampenda na mwili wake wote unaonyesha hivyo, kisha anaichukua barua ya Onegin, anaichana mbele ya macho yake, na kumnyooshea kidole mlangoni. Onegin anatoka mbio. Tatiana anabaki peke yake chumbani.