Ushiriki si idadi ya waliojisajili

Karibu kila taarifa ya programu ya afya ya mtandaoni, iwe ya kuacha sigara, ya kupunguza uzito au ya kufanya mazoezi, huwa na aya moja inayosema kwamba ushiriki ulikuwa mkubwa, na ukiuliza ushiriki gani, unaonyeshwa idadi ya watu waliofungua akaunti. Nimeisoma aya hiyo mara nyingi mno kuweza kuinyamazia tena. Kosa hilo haliishii kwenye lugha, kwa sababu linaifanya programu isiyomsaidia mtu ionekane imefanikiwa, na watu waliokuja kutafuta msaada wakaondoka mikono mitupu huhesabiwa miongoni mwa waliosaidiwa.

Ushiriki katika programu ya kubadili mwenendo wa afya ni kiasi ambacho mtu anaitumia programu hiyo, pamoja na uzito anaoutia katika kuitumia: umakini wake, hamu yake, na kuona kwamba jambo lenyewe linamhusu. Una upande wa matendo na upande wa moyoni, na mtambo huona ule wa kwanza tu. Maana hiyo haina ugumu. Kinacholichafua neno hili ni majirani zake, yaani kujisajili, matumizi na ufuasi (kufuata mapendekezo uliyokubali), ambayo hupachikwa mahali pake kana kwamba yote ni mamoja.

Tuliangalie neno lenyewe. Shiriki limetoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuwa na fungu katika kitu pamoja na mwingine. Mzizi huo ndio uliotupatia shirika na ushirika, na hata ushirikina, ambao kwa asili ni kosa la kumpa Mungu mshirika katika kile kilicho chake peke yake. Popote neno hili lilipokwenda lilibeba wazo la fungu: aliye na ubia hupata faida ikija, na hasara ikija humgusa. Kujisajili kumetoka kwenye mzizi mwingine kabisa wa Kiarabu, unaohusu kuandika katika daftari la kumbukumbu. Aliyesajiliwa ameandikwa jina, basi, na jina hilo linaweza kukaa daftarini miaka mingi bila mwenyewe kukumbuka kwamba limo. Hata lile neno la Kiingereza, engagement, ambalo wataalamu hulitafsiri kuwa ushiriki lilipitia Kifaransa likiwa na maana ya kuweka rehani, yaani kujifunga kwa kutoa kitu chako mwenyewe. Kiarabu na Kifaransa hazina undugu, lakini zote mbili zilimwona mhusika kuwa mtu mwenye chake ndani. Ndiyo maana naona uchungu neno hili linapotumika kumtaja mtu ambaye aliandika anwani yake ya barua pepe mara moja na hakurudi.

Umbali kati ya kujisajili na kushiriki umepimwa. Mwaka 2005, Gunther Eysenbach, mtafiti wa afya ya mtandaoni, alichapisha makala aliyoipa jina la sheria ya mdondoko, akieleza kwamba katika majaribio ya afya ya mtandaoni ni kawaida sehemu kubwa ya watu kuishia njiani, na kwamba jambo hilo lichunguzwe badala ya kuonewa haya na kufichwa. Alitenganisha pia midondoko miwili ambayo hadi leo inachanganywa: kuna anayeuacha utafiti, asijaze tena dodoso za ufuatiliaji, na kuna anayeacha kuitumia programu yenyewe. Mtu anaweza kujaza kila dodoso kwa uaminifu ilhali hajaifungua programu tangu wiki ya kwanza, au akaitumia kila siku na kuzipuuza dodoso zote. Mwaka huohuo ilichapishwa tathmini ya programu ya mtandaoni ya kujisaidia dhidi ya hofu kali ya ghafla, iliyopangwa kuchukua wiki 12. Waliojisajili walikuwa 1,161, na walioimaliza walikuwa 12. Watafiti wale waliziandika tarakimu zote mbili, kama inavyopasa. Siwezi kudai kwamba wote waliosalia hawakunufaika, lakini anayeitaja ile tarakimu ya kwanza peke yake na kuiita ushiriki amemwacha msomaji gizani.

Kosa la pili linawakuta hata waangalifu. Wakishatambua kwamba akaunti si ushiriki, huhamia kwenye kuhesabu mara ambazo mtu ameingia na kubofya. Chukua mtu aliyejiunga ili aache sigara. Kila usiku saa tatu simu yake inatoa mlio na swali linatokea kwenye skrini: umevuta leo? Anabofya hapana kabla ya kulimaliza swali, kwa sekunde mbili, arifa inatoweka, na pakiti bado imo mfukoni mwake. Akifanya hivyo siku 30 mfululizo, kumbukumbu za matumizi zitamweka juu kabisa ya orodha. Mwingine alifungua somo moja tu, lile linalofundisha kuichelewesha sigara ya kwanza ya siku. Alilisoma mara mbili, akaandika kwenye karatasi saa atakayojaribu kuifikia kesho yake, akaibandika kwenye kioo anachojitazamia asubuhi, na tangu hapo kila siku chache huikata ile saa kwa kalamu na kuandika ya mbele zaidi. Programu hajaifungua tena. Kwenye kumbukumbu yeye ni mdondoko, ingawa kati ya hao wawili yeye ndiye mwenye fungu katika shughuli hii.

Mwanasaikolojia wa afya Lucy Yardley na wenzake waliligusa jambo hilo mwaka 2016, walipotofautisha ushiriki wa mtu na chombo, ule wa dakika kwa dakika mbele ya skrini, na ushiriki wake katika mabadiliko yenyewe ya maisha. Walipendekeza tutafute ushiriki unaotosha kuleta matokeo yaliyokusudiwa, ambao si lazima uwe mwingi. Mfano ninaoupenda ni jaribio la Uingereza la kuwasaidia watu kuacha sigara kwa ujumbe mfupi wa simu, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Watu 5,800 waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu, na baada ya miezi sita, asilimia 10.7 ya waliopokea ujumbe wa kuwahimiza walikuwa wameacha, kwa uthibitisho wa kipimo, wakati katika kundi la kulinganisha walikuwa asilimia 4.9. Mpokeaji hakudaiwa kuingia popote wala kubofya chochote. Ila hamu ilipombana aliweza kutuma neno moja na kujibiwa papo hapo. Sehemu kubwa ya ushiriki wake ilitokea kati yake na sigara, mahali ambapo hakuna mtambo wa kuhesabu.

Ufuasi nao una mpaka wake. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2003, liliueleza kuwa ni kadiri mwenendo wa mtu unavyolingana na mapendekezo aliyokubaliana na mtoa huduma. Neno aliyokubaliana ndilo linaloshikilia maana yote, na ndilo linalodondoshwa kwanza. Huwezi kupima ufuasi wa programu ambayo haijasema inataka itumike kiasi gani, na huwezi kumlaumu mtu kwa kukiuka ratiba ambayo hakuulizwa kama anaiweza.

Tofauti hizi zinaamua kazi itakayofanyika. Anayeamini kwamba ushiriki ni kuifungua programu ataongeza arifa, na arifa zikizidi mtu huzizima zote. Anayekumbuka fungu atauliza mtumiaji amepewa nini cha kuwa chake: lengo alilolichagua mwenyewe, ujumbe unaolingana na yale aliyoyaeleza, rekodi ya maendeleo anayoweza kuisoma na kuielewa, na mtu wa upande wa pili anayengoja kusikia amefikia wapi. Kuhusu huyo wa mwisho, mwanasaikolojia David Mohr na wenzake walieleza mwaka 2011 kwamba msaada wa binadamu huwafanya watu wadumu kwa sababu wanajiona wanawajibika kwa mtu wanayemwamini, anayewatakia mema na anayeijua kazi yake.

Ombi langu kwa wanaoandika taarifa hizi ni dogo. Wenye akaunti tuwaite waliojisajili. Wanaoingia tuwaite watumiaji, na tuseme waliingia mara ngapi. Ufuasi tuutaje pale tu ratiba ilipowekwa na kukubaliwa. Ushiriki tuuandike baada ya kuwauliza watu wenyewe, na aliyeondoka mapema, kabla hajaandikwa kuwa alikosa nia, aulizwe aliondoka na nini.