Je, wajua kwa nini akili mnemba bado haijakalia kiti cha rubani?

Uliza kijiweni kama kompyuta inaweza kuchukua kazi ya rubani, utajibiwa haraka: mbona imeshaichukua, rubani siku hizi anabonyeza kitufe na kunywa kahawa. Wengi wetu tulianza na jibu hilo. Lina chembe ya ukweli, ndiyo maana halifi.

Otopailoti, yaani mtambo unaoiendesha ndege bila mkono wa rubani, kweli hushika ndege sehemu kubwa ya safari, na ndege ya abiria aina ya Trident ilitua yenyewe Heathrow tangu Juni 1965. Lakini otopailoti ni mtumishi mtiifu: huambiwa kimo, mwendo na upande, ikatii bila kuuliza. Anayeamua kulikwepa wingu la radi ni binadamu. Kupaa bado ni kazi ya mkono. Kwenye Airbus A320 otopailoti huwashwa ndege ikishapita futi 100. Kutua yenyewe nako kuna masharti: uwanja uwe na mitambo ya redio inayoonyesha mstari wa barabara ya kurukia na mteremko wa nyuzi kama 3 (viwanja vya changarawe vya mbugani tuviache), na upepo wa ubavuni usipite kilomita 37 hivi kwa saa. Ukipita hapo, rubani anatua kwa mkono. Ukungu mzito, huo mashine inaumudu kumshinda.

Kinachokwamisha zaidi ni hisi. Ndege hujua mwendo wake kwa mirija midogo inayomeza upepo wa mbele, na hujua bawa linakata hewa kwa pembe gani kwa vibawa vidogo vinavyogeuka ubavuni. Kwa kuwa kifaa kimoja huweza kuharibika, hufungwa vitatu, kompyuta ikahesabu kura. Chukua mizani tatu sokoni, mchele uleule: mbili zinasema kilo 10, moja kilo 12. Utaitupa hiyo moja, na mara nyingi hutakosea. Sasa tuseme zile mbili zimeingia mchanga, sindano zimenasa palepale. Nzima ni ile ya tatu, nawe umeshaitupa.

Ndivyo ilivyokuwa karibu na Perpignan, Ufaransa, tarehe 27 Novemba 2008. A320 ilikuwa imeoshwa kwa maji siku 3 kabla bila kufunika vihisi vya pembe. Maji yakaingia katika viwili, yakaganda huko juu, vyote viwili vikanasa karibu pembe ileile. Cha tatu kilisema kweli, kompyuta ikakikataa. Marubani walipopunguza mwendo makusudi ili kuijaribu kinga ya ndege dhidi ya kupungukiwa mwendo, kinga haikufanya kazi kama walivyotarajia. Ndege ikaanguka baharini, watu 7 wakafa. Haki isemwe: jaribio lilifanywa chini mno, na hilo lilikuwa kosa la binadamu.

Tarehe 1 Juni 2009, ndege ya abiria, Air France 447, ilipata kinyume chake. Barafu iliziba mirija ya mwendo juu ya Atlantiki, vipimo vikapingana, otopailoti ikajizima na kuwarudishia marubani ndege. Nao wakashindwa, 228 wakafa. Hata hivyo mashine ile ilikuwa na mtu wa kumkabidhi. Akili mnemba iliyo peke yake itamkabidhi nani?

Tena hujifunza kwa mifano, na mifano ya vihisi vilivyooshwa ovyo ni michache. Sheria nazo zinataka hitilafu ya kuangusha ndege ya abiria isitarajiwe zaidi ya mara 1 katika saa bilioni 1 za kuruka. Programu ya kawaida hukaguliwa mstari kwa mstari. Iliyojifunza kwa mifano haikaguliki hivyo. Kulinganisha na binadamu pia ni kugumu, maana hatari ambazo marubani huzizima kimyakimya haziandikwi kama ajali.

Palipokubaliwa ni padogo. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha mfumo wa Garmin kwa ndege ndogo: rubani akizimia, abiria anabonyeza kitufe, nao unachagua uwanja, unatangaza redioni, unatua na kuzima injini. Umepita kwa sababu mbadala wake ni kiti kisicho na mtu. Ila kuegesha haujui. Ndege hubaki palepale kwenye barabara ya kurukia, wengine wakisubiri, hadi mtu aje aivute.