Je, Wajua kwa Nini Baba wa Mwana Mpotevu Alikwenda Mbio?

Katika sura ya 15 ya Injili ya Luka, Yesu anasimulia habari za kijana aliyedai urithi wake ilhali baba yake yu hai, akaenda nchi ya mbali, akatapanya mali yote, na njaa ilipoingia akaishia kulisha nguruwe, mnyama aliye najisi katika Torati. Aliporudi, baba alimwona angali mbali, akamwonea huruma, “akaenda mbio”, akamwangukia shingoni. Kwa nini mzee mwenye watumishi akimbie, badala ya kumngoja mkosaji aje apige magoti?

Hata kwetu, mzee akionekana anakimbia, watu hutoka nje kuuliza kuna nini. Tena waliomsikiliza Yesu waliijua Torati. Kumbukumbu la Torati 21:17 humpa mzaliwa wa kwanza mafungu mawili, kwa hiyo mdogo wa ndugu wawili angestahili theluthi; na aya inayofuata huanza kueleza hukumu ya mwana mkaidi, ambaye hupelekwa kwa wazee wa mji na kupigwa mawe. Baba huyu, basi, angeweza kutafuta hukumu, naye akatafuta shingo ya mwanawe.

Jibu limo katika neno “huruma”. Kitenzi cha Kigiriki alichotumia Luka kimetokana na neno la matumbo, yaani uchungu unaomshika mtu ndani kabisa. Ndicho alichokitumia kumweleza Yesu alipokutana na mjane wa Naini akienda kumzika mwanawe wa pekee. Mzee alikimbia kwa sababu alikuwa amekwisha kusamehe kabla kijana hajafungua kinywa.

Naomba msomaji aitazame kwa makini aya ya 21. Kule kwa nguruwe kijana alikuwa ametunga maneno matatu ya kumwambia baba yake: kwamba amekosa, kwamba hastahili kuitwa mwana, na kwamba afanywe kama mmoja wa watumishi. Alipofika alisema mawili tu. La tatu halisikiki, kwa maana baba anaagiza vazi lililo bora, pete na viatu viletwe upesi. Kosa lake analikiri, na baba hamkatazi. Kinachokosa nafasi ni lile ombi la kuajiriwa nyumbani kwao.

Hapo ndipo ninapowaona Wakristo wengi waliokaa miaka bila kukanyaga kanisani. Hudhani kwamba ni lazima kwanza watengeneze maisha, walipe deni lao kwa Mungu kidogo kidogo, ndipo warudi wakae viti vya nyuma. Lakini simulizi haisemi kwamba kijana alioga kwanza; alibusiwa akiwa bado na matambara yake, na vazi jipya likaja baadaye.

Yesu aliyasema haya kwa sababu Mafarisayo na waandishi walinung’unika kwamba anawakaribisha wenye dhambi na kula nao. Ndiyo maana kuna kaka mkubwa, anayegoma kuingia karamuni na kumwita mdogo wake “huyu mwana wako”. Baba anatoka nje kwa mara ya pili siku hiyo, anamsihi, na katika kumjibu anasema “huyu ndugu yako”.