Mabaki ya chakula kampasini: yatenganishwe kabla hayajachanganyika

Tangu muhula huu uanze, ofisi yetu ya mazingira imepokea malalamiko mengi kuhusu ndoo mpya zilizowekwa kwenye mabwalo ya chakula ya kampasi yetu hapa Moshi, na mengi yanatokana na dhana kwamba chakula hakina haja ya kutenganishwa kwa kuwa kitaoza chenyewe. Ni kweli kitaoza. Lakini makombo yaliyofukiwa dampo chini ya taka nyingine huoza bila hewa na kutoa methani, gesi ambayo, kwa kipindi cha miaka 100, hupasha joto angahewa zaidi ya mara 25 ya kiasi kilekile cha hewa ya ukaa.

Ndoo ya kijani ni ya mabaki ya kutengenezea mboji, yaani mbolea ya mabaki yaliyooza: maganda, mboga, matunda, wali na ugali. Ya kahawia ni ya nyama, samaki na mifupa, ambavyo huvuta panya na mbwa kwenye lundo la mboji. Juma lililopita tulifungua ndoo ya kijani iliyojaa maganda ya ndizi yanayofaa kabisa, tukakuta katikati yake mifuko miwili ya plastiki iliyogandamana na ugali pamoja na vijiti vya meno, na ndoo nzima ikabidi iende dampo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo haieleweki kwa nini tunaendelea kuikuta.

Mtoa huduma wa bwalo atakayeleta ndoo iliyochanganywa atarudishiwa ndoo hiyo siku ileile, na kosa litaandikwa kwenye daftari na kutiwa saini na pande zote mbili. Kosa la pili litafuatiwa na onyo la maandishi lenye siku 7 za kujieleza, na la tatu litapelekwa kwenye kamati inayosimamia mikataba ya mabwalo, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kuamua. Mwanafunzi ataelekezwa kwanza. Akirudia, taarifa itapelekwa kwa mlezi wa wanafunzi.

Tunaulizwa pia, karibu kila siku, kwa nini makombo hayapelekwi kwa wafugaji wa nguruwe. Tumekwisha kueleza: virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika huweza kubaki hai kwenye nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri, ugonjwa huo hauna tiba, na ingawa haumdhuru binadamu, humaliza banda zima la mfugaji. Hatuwezi kumpelekea jirani hasara hiyo kwa jina la msaada.

Linalotuuma zaidi ni chakula kizima kinachomwagwa. Wapakuaji wamwulize mlaji kiasi anachotaka kabla ya kujaza sahani, na nusu sahani iuzwe kwa bei yake bila manung'uniko. Wapishi nao waandike kila jioni kilichobaki kwenye kila sufuria, hasa Ijumaa, ambapo wanafunzi wengi huondoka kwenda makwao huku wali ukipikwa kama wa Jumatatu. Madaftari hayo yaletwe ofisini kwetu kila Jumatatu kabla ya saa 4 asubuhi, ili kiasi cha kupika juma linalofuata kipangwe kwa kuyatazama.