Je, wajua kwa nini picha ya kiwavi mmoja inahitaji watu wawili?

Kwenye mndimu wa nyumbani kuna kitu ukikiona haraka haraka unasema hicho kinyesi cha ndege, cha kahawia kina doa jeupe katikati, kimeganda juu ya jani wala hakina habari na mtu. Kumbe ni kiwavi. Ukirudi baada ya siku kadhaa yule yule kashabadilika, mnene wa kijani, na ukimchokoza na kijiti anachomoa vipembe viwili vya rangi ya chungwa nyuma ya kichwa na harufu kali ya kukera pua. Mimi nilimpiga picha bado yuko kwenye hali ya kinyesi, nikamtupia iNaturalist, nikaandika "mdudu" nikaondoka zangu. Miezi miwili hamna aliyemsemesha.

Kama hujawahi kuisikia, iNaturalist ni tovuti na apu ya kutambua viumbe kwa picha, ilianza 2008, mradi wa wanafunzi wa shahada ya pili pale Berkeley, California. Unapiga picha mmea, ndege, konokono, chochote kile, unaweka mahali na tarehe halafu watu wanakusaidia jina. Sasa shida ni kwamba kupiga picha kila mtu anaweza, kutambua ndo wanabaki wachache, mtu mmoja wa buibui anajikuta anasubiriwa na buibui wa nusu ya dunia.

Na jina halipiti kwa mtu mmoja. Ili picha ifike kile wanachokiita daraja la utafiti lazima watambuaji wawili au zaidi wakubaliane hadi spishi, yaani aina yake hasa, na wanaokubaliana wawe zaidi ya theluthi mbili ya waliosema. Hapo kwenye "zaidi ya" pana hesabu yake: wawili wakisema hivi na mmoja akapinga, haijatosha bado, inabidi aje wa nne awaunge mkono wale wawili. Kura ya mwenye picha nayo inahesabiwa, kwa hiyo ukiweka jina sahihi mwenyewe umebakiza mtu mmoja tu. Kiwavi wangu alikuja mtu akaandika Papilio demodocus, yule kipepeo mkubwa mweusi wa madoa ya njano anayetaga kwenye ndimu na michungwa, akaja wa pili akakubali, kwishne. Mndimu wenyewe hata ungepata kura kumi haufiki daraja hilo maana umepandwa, ila kiwavi aliyejileta mwenyewe anafika.

Ikishafika hapo, na leseni uliyoiwekea taarifa yenyewe ikiruhusu, taarifa inaenda GBIF, hazina ya data za viumbe yenye makao yake Copenhagen, watafiti wanaichota bure. Ndo maana jina la kubahatisha ni balaa, linasafiri mbali.

Mtu atasema si kuna kompyuta, apu yenyewe inapendekeza majina? Ndio inapendekeza, tangu 2017, na inasaidia sana sikatai. Lakini imejifunza kwa picha zilizopo, na picha nyingi ni za Marekani na Ulaya, sasa mleteeni mende wa Usambara muone inavyohangaika. Tena kuna spishi hazina picha za kutosha za kuifundisha, hizo haitazitaja kabisa, itakupa ndugu yake wa karibu kwa kujiamini kabisa.

Hapo ndo mtu wa huku anahitajika, na si lazima uwe profesa jamani. Chukua kunguru. Yule wa jalalani mwenye shingo ya kijivu ni Corvus splendens, wa kutoka India, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale takataka, leo anakula mayai na makinda ya ndege wengine pwani nzima. Mwenye kifua cheupe na ukosi mweupe ni Corvus albus, huyo ndo mwenyeji. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuwatenganisha, na kila picha inayopata jina sahihi inaonyesha yule mgeni kafika wapi. Ukiwajua hao wawili tu tayari una kazi ya jioni nzima.

Kinachoniudhi ni wale wa kubonyeza "nakubali" kila picha kama wanalaiki harusi. Kukubali maana yake umeangalia mwenyewe ukaona ile alama, shingo, ukosi, vipembe. Kama mwenzio kasema na wewe hujaona, pita tu, hakuna anayekudai.

Kuanza ni rahisi, ingia sehemu ya kutambua, kwenye kompyuta ni afadhali kuliko simu maana picha unaiona kubwa, chuja kwa nchi yako halafu kwa kundi unalolijua. Hujui kundi lolote? Chukua zile ambazo hazina jina lolote kabisa, andika huyu ndege, huu mmea, huyu buibui. Inaonekana kama utani lakini wataalamu huchuja kwa kundi, mtu wa buibui hawezi kuiona picha ambayo haijaandikwa buibui. Na ukijua jenasi, yaani kundi la spishi ndugu, ukashindwa spishi, andika jenasi uishie hapo hapo, anayejua zaidi ataendelea na pale ulipoishia.