Majaribio ya Kurudia: Kukijaribu Tena Kilichokuwa Kikifanya Kazi

Programu ikibadilishwa, macho ya timu nzima huenda kwenye kipya kilichoongezwa. Majaribio ya kurudia hushughulika na kile ambacho hakuna anayekitazama: yale yaliyokuwa yakifanya kazi jana, je, bado yanafanya kazi baada ya mabadiliko ya leo?

Tuchukue programu ya mikopo ya SACCO. Mwanachama amekopa shilingi 1,000,000 za kurejesha kwa miezi 12, na riba tuiache pembeni. Rejesho la mwezi ni 83,333.33, na la mwisho 83,333.37 ili salio liishie 0. Mhasibu analalamikia senti hizo, msanidi wa programu anaziondoa, kila rejesho linakuwa 83,333. Anafungua ukurasa wa marejesho, anaona namba imekaa sawa, anapandisha toleo jipya kwenye seva. Mwaka ukiisha, mwanachama amelipa 999,996. Zimebaki shilingi 4, kwa hiyo mkopo haufungwi, na kwa kuwa haufungwi, mfumo unamnyima mkopo mwingine. Ukurasa uliobadilishwa hauna kosa lolote. Kilichoharibika kiko kwingine kabisa.

Jaribio la kurudia hapa ni fupi: kopesha 1,000,000, lipa mara 12, hakikisha salio ni 0 na mkopo umefungwa. Huandikwa mara moja, kisha kompyuta hulirudia kila msimbo, yaani maelekezo yanayounda programu, unapoguswa. Kwa mkono pia inawezekana, ila mtu huchoka, na siku ya haraka ndiyo siku anayoruka hatua.

Gharama ya kuruka hatua ilionekana Marekani tarehe 1 Agosti 2012, katika kampuni ya udalali wa hisa ya Knight Capital. Ndani ya mfumo wake wa kutuma oda za kununua na kuuza hisa kulikuwa na kipande cha msimbo kilichoacha kutumika mwaka 2003 lakini hakikufutwa. Mwaka 2005 kazi ya kuhesabu hisa zilizokwisha kununuliwa au kuuzwa, ambayo ndiyo iliyokifanya kipande hicho kijue wakati wa kusimama, ilihamishiwa sehemu nyingine. Hakuna aliyekijaribu tena baada ya hapo. Miaka 7 baadaye toleo jipya liliwekwa kwenye seva 7 kati ya 8, na alama ya kuwashia huduma mpya ilikuwa ileile iliyowasha msimbo wa zamani. Seva ya nane, iliyobaki na msimbo huo wa zamani, ikaanza kumwaga oda bila kikomo. Kwa takriban dakika 45 kampuni ilijikuta na hasara ya zaidi ya dola milioni 460.

Mimi naona ripoti ya SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa huko, ni somo la utaratibu wa kazi kuliko la msimbo. Hapakuwa na kanuni ya maandishi ya kumtaka mtu wa pili akague seva zote. Kabla soko halijafunguliwa saa 3:30 asubuhi, mfumo ulikwisha kutuma barua pepe 97 zenye kutaja kosa hilo. Wafanyakazi hawakuwa na kawaida ya kuzisoma.

Kwa hiyo timu inayotaka kujirekebisha isianze kwa kumtafuta wa kulaumiwa. Kila kasoro inayoripotiwa na mteja iandikiwe jaribio kabla ya kurekebishwa, ili isirudi kimyakimya. Msimbo usiotumika ufutwe. Na si lazima kujaribu kila kitu kwa siku moja: anzeni na sehemu zinazogusa fedha, kisha sehemu ambazo zimewahi kuharibika.

Jambo moja huua utaratibu huu haraka: jaribio linaloshindwa leo na kufaulu kesho bila sababu. Watu hulizoea, halafu huzoea na yale ya kweli, kama zile barua pepe 97. Jaribio la namna hiyo lirekebishwe au liondolewe siku hiyohiyo.